Damu ya Mama Yako

Wambaa, Pemba

Mwanangu Khairat wa Maskati,

Asalaam aleikum. Huku karafuu zimekauka vyema, na mjomba wako ni mzima: juzi nilikimbia hadi Mkoani nikaipita pikipiki, na dereva ni shahidi. Ni ile elimu ya makundi ya damu niliyoisoma kwenye simu, kwamba kila kundi lina chakula chake na mazoezi yake. Mimi nilipimwa, ni O, watu wa nyama na mbio. Kijiji kizima chaniita daktari.

Mama yako nikampa elimu hiyo hiyo. Hakupimwa, ila tumetoka tumbo moja, nikajua na damu ni moja. Dawa za sukari nikamwambia aziache, mbio zatosha. Akakimbia pekupeku pwani, gamba la chaza likamchana unyayo. Kidonda hakikupona.

Jumatatu wamemkata mguu. Katika kutafutiwa damu, ikaonekana yeye ni B. Daktari akanambia, "Mzee, hata angekuwa O, dawa haziachwi."

Mama yako hajanilaumu. Kaniuliza tu, "Kaka, leo hatukimbii?" Wodi nzima ikacheka. Mimi nikatoka nje.

Njoo, mwanangu. Siwezi kumtazama.

Mjomba wako,
Mmanga