Taa Inayopiga Hodi

Kasuku, Kindu

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kutoka huku kwenye joto, nikijua wewe huko Butembo umejifunika kitenge cha pili na bado unalalamikia baridi. Mguu wako unaendeleaje? Maharage ya shamba la juu yameota, au mvua imeyaozesha tena? Mimi ni mzima. Nalala, nakula, ingawa kula peke yangu kumenizoesha kuacha nusu ya sahani.

Usishtuke kuona karatasi. Dereva aliyeleta salamu zako aliniambia umeuliza swali moja tu: Mumbere amepiga simu? Nilishindwa kumjibu pale barabarani mbele ya watu, na kwenye simu sitaki kulijibu kabisa. Siku hizi sijui nani anamsikiliza nani. Mwambie Masika akusomee barua hii ndani, pamoja na mama Asifiwe, maana habari ya mume wake ni yake pia.

Lazima nianze na mlango wetu, kwa kuwa yote yamepitia hapo.

Unajua depo hii ya kuwekea mali ni ya Kaka Mumbere, mimi ni karani wake tu. Kabla hajaenda Goma kununua mali, aliondoa kufuli la zamani akaweka kitasa kinachofunguliwa kwa simu. Ukutani kuna kisanduku kidogo chenye laini yake ya simu, kinapata umeme kutoka paneli ya jua iliyo juu ya bati. Kwa kisanduku hicho, simu yake na yangu zinaweza kufungua mlango na kuwasha taa ya ndani, hata mwenye simu akiwa mji mwingine. Nilimwambia kitu hiki kinanitia hofu. Akacheka vile unavyomjua.

"Kambale, simu ya leo iko na mudomo na masikio tu. Ya kesho itakuwa na mikono. Nitakaa Goma, nitapima muchele ya Kindu. Nitajua mafuta imebaki kiasi gani ndani ya pipa. Nitawasha mashine ya maji kule ngambo ya mto, Alunguli, na kidole moja!"

"Na mimi nitafanya nini?"

"Weye utakunywa chai."

Mama, ulitulea kwa hodi. Tukiingia kimya uliturudisha nje, hata tukiwa na kuni kichwani, tubishe upya. Mumbere hajaliacha jambo hilo. Akiwa Goma, wateja wake wakubwa walipokuja kuchukua mali, alipenda kuwafungulia mwenyewe. Kila mara mimi nilikuwa ndani, mlango umefungwa. Kwanza aliwasha taa na kuizima, mara mbili. Depo haina dirisha, hivyo hata mchana niliiona vizuri. Nikasema "Karibu" kwa sauti, ingawa hakuna aliyenisikia, ndipo kitasa kikalia ta! na mlango ukaachia. Hakufungua hata siku moja bila kunibishia hodi ile.

Mbele ya mlango anauza Mama Zaina, mwanamke wa Lokandu, samaki wakavu. Magunia yake ya mchele yamo kwetu, kwa sababu kwake panya ni wengi. Yeye ndiye aliyenicheka zaidi: "Muone karani! Anakaribisha upepo!"

Kisha vita vikafika Goma. Ndege ziliacha kuja na simu ya Kaka ikanyamaza. Kila nilipopiga, yule mwanamke wa mashine alinijibu kwa Kifaransa kwa adabu ileile, kama vile hakuna kilichotokea duniani. Nikaacha kupiga, nikabaki kuitazama taa. Hapa hakuna mtu wa kuongea naye Kinande chetu. Lori likiingia kutoka Lubutu, natoka nje kutazama wanaoshuka, halafu narudi ndani. Jioni najikuta nimekunja shati la Kaka lililoachwa kwenye msumari, na kulikunjua, na kulikunja tena.

Siku moja, baada ya sala ya adhuhuri, nilikuwa napanga katoni za sabuni. Kitasa kikalia ta! Mlango ukaachia. Taa haikuwa imewaka.

Nilifunga kwa simu yangu. Ukafunguka tena. Nikafunga. Ukafunguka. Ilikuwa kama mtoto anayechezea swichi.

Mama Zaina akachungulia. "Kaka yako huyo? Ndiyo anarudi?"

"Si yeye."

"Unajuaje?"

"Hajapiga hodi."

Alianza kucheka, kisha akaacha. "Basi ni nani?"

Nadhani wewe, Mama, umeshaelewa. Unajua Mumbere hajawahi kuifunga simu yake kwa namba ya siri; anakumbuka uso wa kila mteja na kusahau namba zote. Mtu mwingine alikuwa na simu yake. Na kama mtu mwingine anayo, yeye mwenyewe yuko wapi? Hapo ndipo nilipoijua hofu hasa. Mikono ile aliyoisifu ilikuwa imefika Kindu, lakini sikuona ni ya nani.

"Ng'oa ile laini," Mama Zaina akaniambia. "Leo hii! Muchele yangu haiko ya kuchezea. Muntu atasimama hapa anangojea ifunguke, atabeba yote."

"Nikiing'oa, Kaka akipata simu nyingine atakuta hakuna kitu. Hana njia nyingine ya kutufikia."

"Weye unalinda mali ao unalinda kisanduku?"

"Vyote viwili."

"Mutoto wa Butembo, masomo yamekuharibu kichwa." Alifyonya, akaniacha. Lakini baadaye alirudi na mnyororo wa pirogi, ule mtumbwi wa marehemu mume wake, mzito, umeliwa na kutu. Nikatafuta kufuli kubwa sokoni. Tangu siku hiyo nikitoka nafunga mnyororo kwa nje, ufunguo mmoja ninao mimi, mwingine anao yeye, na kisanduku nimekiacha kikiwa hai. Kitasa kiliendelea kujifungua nyuma ya mnyororo, bure. Halafu kikanyamaza. Utashangaa, Mama: ukimya huo ulinitesa kuliko ule mchezo. Angalau yule mwizi alikuwa ameshika kitu kilichowahi kuwa mkononi mwa Kaka.

Sasa nafika kwenye jibu lako.

Jumamosi iliyopita nilikuwa ndani, mlango umefungwa kwa kitasa. Taa ikawaka, ikazimika. Ikawaka, ikazimika.

Nilisimama. Nikasema, "Karibu, Kaka." Sikusikia ta! Nikangoja. Taa ikarudia, mara mbili, polepole. Mlango haukufunguka.

Kwanza nilifikiri kisanduku kimeharibika. Kisha nikaelewa kwamba anangoja. Hakujua ni nani yuko ndani, kama mimi bado nipo, kama depo imeshachukuliwa na watu. Alikuwa amebisha na amesimama nje, kama ulivyotufundisha, hadi aitikiwe. Sauti yangu haimfikii. Lakini mlango ukifunguliwa kwa simu yangu, jina langu linaonekana kwenye simu anayotumia. Nikachukua simu, nikaufungua mimi.

Taa ikawaka. Safari hii haikuzimika. Ilikaa ikiwaka muda mrefu, nami nimesimama chini yake nimeinua uso kama mtu anayenyeshewa mvua. Mama Zaina aliingia aulize kwa nini mlango uko wazi, akaitazama taa, akanitazama mimi. Akaketi juu ya gunia lake. Tulikaa hivyo mpaka ikazimika.

Nimelifikiri pia jambo baya, maana unajua mimi ni mtu wa kufikiri mabaya kwanza. Je, mtu hawezi kumlazimisha Kaka aeleze hodi yetu? Anaweza. Lakini anayetaka mali angefungua. Huyu alingoja aitikiwe. Kwa hiyo naandika kwa uangalifu wote nilio nao: Mumbere yu hai, ana simu mkononi, yake au nyingine, na kuna sababu inayomzuia kutoa sauti. Alipo sijui. Taa haikuniambia, na haijawaka tena.

Tafadhali msilitaje hili kwenye simu, hata kwa furaha. Mama Asifiwe alie ndani, si sokoni.

Nisalimie Masika, dada yangu msomaji, asiruke mistari. Nisalimie shangazi wa kilimani na mjomba fundi cherehani. Mbusu Asifiwe kwenye paji la uso. Umwambie kuwa baba yake ana deni la hadithi kwake. Mama Zaina anakusalimu bila kukujua, anasema umelea watoto wa ajabu.

Mimi nipo hapa chini ya taa. Na wewe, Mama, ukisikia mlango wa nyumbani ukigongwa mara mbili, polepole, halafu kimya, usiulize ni nani. Huenda hawezi kujibu. Sema karibu, kisha ufungue wewe.

Ni mimi mwanao anayekuwaza asubuhi na jioni,

Kambale