Nilisema Pikipiki Imeharibika, na Mgonjwa Wangu Akafa Bila Dawa

Mpendwa Mama Mukamusoni,

Nimekuwa nikisoma majibu yako miaka mingi na sikudhani siku moja nitakuwa mimi ninayeomba msaada wako, lakini nimekosa mtu mwingine wa kumweleza, na nakuomba usiandike jina langu, na hao nitakaowataja nimewabadilishia majina.

Mimi ni muuguzi, nina miaka arobaini na moja, nilizaliwa Ngara upande wa Tanzania nikarudi Rwanda na wazazi nikiwa na miaka kumi na miwili, sasa naishi Gisenyi, wilaya ya Rubavu, na kazi yangu ni kuwatembelea nyumbani wagonjwa ambao hospitali imeshasema haiwezi kuwaponya, nawapelekea mofini ya maji ya kutuliza maumivu, nawasafisha vidonda, nawaonyesha watu wa nyumbani namna ya kumgeuza mgonjwa kitandani, na mara nyingi nakaa nao tu.

Nyirasafari alikuwa mgonjwa wangu kwa miezi minne, mjane wa Busasamana, huko milimani juu ya mji wetu, aliyepeleka karoti na vitunguu kuuza Goma, ng'ambo ya mpaka upande wa Kongo, zaidi ya miaka ishirini mpaka saratani ya mlango wa kizazi ilipomlaza, na alikuwa ananicheka ninavyoongea, anasema, "We unasemaka Swahili ya mu radio, sema tena kidogo nisikie," nami naongea makusudi kama mtangazaji ili acheke, hata siku ambazo kucheka kulimuuma. Aliyemuuguza ni binti yake Umurerwa, aliyefunga duka lake dogo ili akae na mama.

Sasa sikiliza, Mama. Katika majuma sita kabla ya kifo chake walikufa wagonjwa wangu watano, wa mwisho mtoto wa miaka tisa ambaye nilimshika mkono mimi kwa sababu mama yake alikuwa amezimia, na kila nikirudi ofisini msimamizi wetu, Ndahiro, anachukua faili la marehemu, anatia sahihi, ananipa faili jingine, si mtu mbaya, ila hajawahi kuniuliza lolote. Jumanne nilipomtembelea Nyirasafari niliona miguu imepoa na pumzi imebadilika, nikajua zimebaki siku mbili au moja.

Jumatano jioni Umurerwa akanipigia. "Muganga, dawa iko inaisha," akasema, maana huku anayeleta dawa wanamwita muganga. "Iko ya kesho asubui tu." Nikamwambia saa tatu nitakuwa pale na chupa mpya.

Alhamisi asubuhi niliweka chupa mkobani, Gentil, dereva wa pikipiki anayenipandisha Busasamana siku zote, alikuwa ananisubiri, nikamwambia leo siendi, nikashuka kwa miguu mpaka ufukweni mwa ziwa, nikakaa kwenye benchi kando ya barabara ya kwenda Grande Barrière, kituo cha mpakani, na pale nilikaa. Sikuwa mgonjwa. Sikutaka tu kumwona akifa.

Saa nne Umurerwa akapiga, nikasema pikipiki ya Gentil imeharibika njiani, nitakuja kesho. "Bon, haiko mubaya, tutakungoja," akasema. Dozi ya mwisho alikuwa amempa saa mbili. Saa saba akapiga tena. "Muganga, mama iko analia. Anasema mifupa yote inamuuma. Hakuna pikipiki ingine?" Nikasema nitatafuta, na sikutafuta. Saa tisa akapiga, nikalitazama jina lake mpaka simu ikanyamaza, kisha nikaizima. Nyirasafari alikufa saa kumi na moja jioni na chupa imejaa mkobani mwangu.

Ijumaa nilikwenda, nikalia nao, wakanishukuru. Siku ya maziko Théogène, kaka yake Umurerwa, alimkamata Gentil shati mbele ya watu akampigia kelele, "Pikipiki yako ndio imemuacha mama anakufa na maumivu!" na Gentil akanitazama, akanyamaza. Mpaka leo watu wa kule hawapandi pikipiki yake. Nilipomuuliza kwa nini hakusema kitu, akanijibu, "Nilifikiri uko na sababu, muganga."

Umurerwa amenitumia gunia la viazi la shukrani, na mwezi ujao kutakuwa na misa ya kumwombea mama yake, anataka baada ya misa nisimame niseme mbele ya watu, "ili wajue mama alitunzwa muzuri." Mwenzangu kazini, Tuyishime, ambaye nimemwambia yote, anasema mgonjwa alikuwa anakufa hata hivyo, nikisema nitapoteza kazi na hatafufuka. Lakini juzi nilifika kwenye lango la mgonjwa mpya nikashindwa kugonga, nikarudi. Je, nikazungumze pale na kuendelea kunyamaza, au niseme ukweli, au niache kazi hii kabisa?

Muuguzi, Rubavu

MAMA MUKAMUSONI ANAJIBU

Binti yangu, nimesoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilihesabu mistari. Huzuni yako umeipa mistari mingi. Gentil umempa michache tu. Mtu huyo yuko hai, ana nyumba ya kulisha, anatukanwa kwa kosa lako, na bado anakulinda. Unaniuliza kama useme ukweli? Ungekuwa umenyamaza peke yako tungejadiliana. Lakini kimya chako kinamlemea mtu mwingine, kwa hiyo hapo hakuna mjadala.

Pole. Nasema pole kwa moyo wote. Vifo vitano katika majuma sita, mmoja wa mtoto, na hakuna aliyekuuliza kama umelala, kama umekula. Mume wangu aliuguzwa nyumbani kwetu miezi minne mpaka alipofariki. Muuguzi alikuwa anakuja kila Jumatatu, mvua inyeshe isinyeshe. Sikumuuliza hata siku moja habari zake. Nilidhani watu kama ninyi mnazoea. Sasa najua hamzoei, mnajaa tu, na wewe ulijaa siku ya Alhamisi.

Lakini usijifiche nyuma ya uchovu. Ungempigia Ndahiro saa nne ukasema, "Leo siwezi, tuma mwingine," Nyirasafari angepata dawa yake. Ulichoka, hilo si kosa. Kosa ni kudanganya, na kuizima simu huku chupa unayo.

Na huyo Tuyishime anayesema alikuwa anakufa hata hivyo, mwambie nimekataa. Nyote mlijua atakufa. Hakuna aliyekupa kazi ya kuzuia hilo. Kazi yako ilikuwa asife akilia. Sentensi hiyo usiipeleke kwa Umurerwa, hata kwa bahati mbaya.

Utafanya hivi. Leo, kabla hujapika, mtafute Gentil. Mwombe radhi, umwambie utamsafisha jina mwenyewe, kwa mdomo wako, kwa watu walewale waliomsikia akitukanwa. Kesho asubuhi nenda kwa Ndahiro. Usiseme "nilipata udhuru." Sema: nilimwacha mgonjwa bila dawa, nikadanganya. Mwambie pia kuhusu lango ulilofika ukarudi, kwa sababu nyuma ya lango hilo kuna mtu anayesubiri dawa sasa hivi, na huyo hawezi kusubiri upone wewe. Ampe muuguzi mwingine siku hiyohiyo. Omba mapumziko, omba mtu wa kuongea naye anayejua kazi yenu, na omba kila nyumba iwe na wauguzi wawili wanaojulikana, ili mmoja akishindwa familia iwe na namba ya pili. Wakikupa adhabu, ipokee.

Na wewe Ndahiro, au yeyote mwenye kiti kama chako, faili likifungwa, funga na mlango, mkae dakika kumi na aliyelileta. Muulize marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Faili jipya likae mezani mpaka kesho.

Kisha panda Busasamana, kabla ya misa, si kwa simu. Umurerwa na Théogène wawe wote wawili. Sema kwa kifupi. Usilie kabla yao, maana watalazimika kukubembeleza, na si zamu yako kubembelezwa. Usiwaombe wakusamehe siku hiyo. Wakiuliza kama dawa ingemtuliza, jibu ndiyo. Wakikufukuza, ondoka kwa adabu. Kwenye misa usizungumze, hata wakikulazimisha.

Kuacha kazi? Hilo usiliamue mwezi huu. Mtu aliyekaa miezi minne akimchekesha mgonjwa wa namna ile anaijua kazi yake. Lakini kwanza lipa unachodaiwa na walio hai. Anza na Gentil.

BAADA YA MAJUMA MATANO MUUGUZI AMETUANDIKIA TENA

Mama, nilifanya ulivyosema, ila kwa Umurerwa nililia, nilishindwa.

Ndahiro alinisikiliza mpaka mwisho, akaandika barua ya onyo, akanisimamisha mwezi mmoja, na mgonjwa wa lile lango akapelekewa dawa mchana uleule na mwenzetu Nishimwe. Nilipokuwa natoka akaniita. "Yule mtoto wa miaka tisa," akasema, "jina lake nani?" Tukakaa pale mpaka ofisi ikafungwa.

Gentil alinipandisha mwenyewe Busasamana na nikamwomba aingie nami. Niliposema, Théogène alisimama, nikadhani atanipiga, lakini alikwenda kwa Gentil, akamshika mikono miwili. Jumapili iliyofuata alizunguka naye kwenye kituo cha pikipiki akiwaeleza watu.

Umurerwa alikuwa bado amekaa. Kisha akauliza, "Uliona jina yangu mu simu?"

"Niliona."

"Na chupa ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Angetulia?"

"Ndiyo."

Akaingia chumbani kwa mama yake, akafunga mlango. Tulikuwa tumeshafika barabarani alipotoka akaniita. "Muganga! Ku misa usiseme kitu. Mi sitaki kusikia sauti yako." Nikasema sawa. Akapangusa uso kwa kitenge. "Lakini ukuye. Mama alikupenda."

Nilikwenda. Nilikaa benchi la nyuma, na baada ya misa nilimenya viazi na wanawake wengine, na Umurerwa hakuongea nami. Jumatatu nimerudi kazini. Sasa tunakwenda wawili wawili.