Kabla Sijaenda Sotik

S.L.P. 214,
Kapsoit, Kericho.
9 Agosti 2025

Mpendwa dada Chepkurui,

Nakusalimu kwa jina la Bwana kutoka hapa nyumbani. Ile mikono yako iliyopasuka kwa baridi ya Kanada imepona? Mama hajambo, ila goti humsumbua mvua ikinyesha, na siku hizi inanyesha kila alasiri. Mimi ni mzima wa mwili.

Bado nacheza mchezo wetu wa shambani. Natafuta maneno ya Kiingereza yenye herufi zinazofuatana vilevile, na neno halihesabiwi mpaka Mama, ambaye hakusoma, aelewe maana yake. Wewe ndiwe uliyekuwa ukinitajia herufi. Sasa najitajia.

Jumanne nilichukua o-u-g-h. "Cough" nilikohoa tu, Mama akapitisha. "Dough" nikasema ni unga wa chapati uliokandwa ukiwekwa kungoja. "Drought" ilinipa kazi, hadi niliposema ni mwaka ambao mchai unachumwa na haurudishi majani.

Nilizama hivyo nikasahau kuchuma majani mawili na chipukizi tu, nikawa nachuma chochote. Kwenye kituo cha kupimia chai, Joab, karani wa mizani, akaimwaga chai yangu juu ya gunia watu wakitazama.

"Mwalimu," akaniuliza, "hii ni chai ama ni kuni?"

Wakacheka. Nilichambua jani kwa jani mpaka lori likaondoka bila chai yangu.

Nikwambie kilichonizamisha. Shule moja karibu na Sotik imenipa kazi ya ualimu kuanzia muhula ujao, na nitaishi hukohuko. Barua yao ina wiki tatu chini ya godoro. Mimi nawe tulikubaliana nikae na Mama mpaka urudi Desemba. Desemba mbili zimepita. Nakutumia maneno kwa simu, naona umeyasoma, hujibu.

Jana lilibaki "enough". Nikasema ni kutosha, ni kushiba. Mama akasema hayo ni mawili, nichague moja. Nikashindwa, nikaanza kulia katikati ya michai. Akaweka kikapu chini, nami nikamwambia yote, hata habari ya barua.

"Dada yako hatarudi Desemba," akasema. "Aliniambia tangu Pasaka. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa kubaki peke yangu."

Sikumkasirikia. Jioni alinitolea mwenyewe sanduku la nguo. Jirani yetu Mellen atakuwa akilala naye, nami naondoka tarehe ishirini na tatu.

Lakini Chepkurui, tangu Pasaka nimekuwa nikikuandalia kitanda. Kama huji, ungeniambia mimi. Kunyamaziwa ndiko kunakoniuma, si Desemba. Niandikie, hata mstari mmoja, hata kama ni wa kukataa.

Msalimie shemeji Kipyegon na umbusu mtoto ambaye sijamwona. Mama anasema Mungu awafunike katika baridi hiyo.

Mdogo wako anayekupenda bado,
Nelvine