Kisu Mlangoni pa Sumaku

Brayo, ndugu yangu,

Leo nimeingia chumba cha sumaku, ile mashine yetu ya kupimia protini, bila wewe. Nimefika maabara na hasira, kisu mfukoni.

Kisu nilimwekea Mwas wa mayai. Yule aliyetupasulia mayai boilo kila jioni pale Kariobangi, akikucheka ukimweleza kwamba yai likichemka protini yake hukunjuka, ikashikana, isirudi tena. Alikujua, Brayo. Siku ile gari lilipokwama hapo kwenye foleni ukashuka, ukakimbia na sampuli yetu ya protini begini kabla barafu haijayeyuka. Mtu akapiga kelele, "Mwizi!" Mama Njoki wa mboga, aliyekufunika leso yake, ameniambia Mwas alikutazama usoni, kisha akarusha jiwe la kwanza.

Mawe, mbao, mabuti. Nilikutambua kwa viatu tu. Nawachukia wote waliosimama pale.

Mlangoni nikakumbuka ulivyokuwa ukinipekua kama askari: simu, funguo, mshipi. "Toa chuma yote, buda. Hii sumaku haijui we ni nani." Nikakiweka kisu kwenye karai la funguo. Nilitaka kulia, nikatukana badala yake.

Nimetengeneza protini nyingine. Unakumbuka tulivyobishana? Mimi nilisema ikipashwa moto itaharibika kama yai. Wewe ukasema hapana, hii yetu itajikunja upya yenyewe. Nimeipasha polepole ndani ya mashine. Nukta zake kwenye skrini, zilizokuwa zimetawanyika kila moja mahali pake, zikarundikana katikati. Nikajua imeshakunjuka, nikasema basi, imekwisha. Nikaipoza hata hivyo. Zikaanza kurudi, moja moja, mpaka kila nukta ikawa ilipokuwa mwanzo.

Ulikuwa sahihi, na hukuwepo nikuambie. Nikaipiga meza ngumi mpaka ngozi ikachubuka. Protini imerudi, wewe hutarudi.

Usidhani nimepoa. Bado namtaka Mwas, na usiku naota namshika shingo. Lakini Mama Njoki amekubali kusema alichokiona, ila anaogopa kwenda peke yake. Kesho nampeleka kituo cha polisi. Siku ya kesi nitakaa mbele kabisa, Mwas anione, asipate pa kuweka macho.

Kisu bado kimo karaini, Brayo, nimetoka bila kukichukua. Lala, ndugu yangu. Nakuahidi nitaingia kortini ulivyonifundisha kuingia kwa sumaku, bila chuma.