Mchanga wa Nyumba Yako

Nyumba ya pili toka mtoni,
14 Machi

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Hujambo huko ugenini? Na goti, limepata nafuu? Sisi wazima. Shangazi bado anakohoa, na bado anamgombeza kila apitaye dirishani.

Mto wetu ungeuona usingeujua. Wachimba mchanga wameukomba hadi nguzo za daraja zimebaki miguu nje, na visima vya jirani vimekauka. Ndiyo maana kamati ya mto ikafunga njia ya malori kwa mnyororo. Ufunguo nikapewa mimi, eti Chiriku ana mdomo, hahongeki.

Sasa soma usinikasirikie. Uliandika nyumba yako iishe kabla ya mvua. Nikamfungulia dereva mmoja, safari tatu tu, nikijiambia damu nzito kuliko maji. Sikumuuliza atachimba wapi.

Juzi fundi alikuwa anachekecha mchanga wa lipu, akaniita, "Dada, hebu njoo." Kwenye chekeche imebaki pete ya shaba. Unaikumbuka ile iliyogoma kutoka kidoleni kwa mama, tukamzika nayo? Imebonyea palepale ulipoigonga kwa nyundo utotoni. Nikakaa juu ya mfuko wa saruji.

Nikakimbilia makaburini. Ukingo wa mto umeporomoka, kaka. Pale alipolala mama pana shimo, na maji yanapita humo.

Chumba chako kilishapigwa lipu ya mchanga huohuo. Wiki ya tatu hii, jua kali, kuta nyingine zimekauka kau. Ule wa upande wa kitanda unatoka jasho. Fundi kachukua mwiko wake kaondoka, hata chai hakunywa. Mimi huenda mchana kuugusa. Una uvuguvugu.

Ufunguo nimeurudisha na nimesema yote mbele ya kamati. Aibu ni yangu, naibeba. Ila ukuta ni wako: tuubomoe, tuuzike kule juu, mbali na mto? Naogopa kuamua peke yangu.

Shangazi na shemeji wanakusalimu. Mungu akufunike popote ulalapo.

Tafadhali jibu upesi. Ile pete niliivaa mara moja tu, nione kama ni yenyewe. Nimepaka sabuni, nimepaka mafuta. Haitoki.

Mdogo wako akupendaye bila kuchoka,
Chiriku