Siku Yustina Alipomjibu Mteja

Muheza, Jumapili baada ya misa

Baba Yustina,

Pokea salamu zangu kabla hujakaa, maana habari nilizonazo zitakuinua tena. Mama yako hajambo? Goti lake je? Watoto wanakula vizuri, au unawapikia makande kila siku? Sisi huku kwa dada yangu tu wazima, ila joto la Muheza linatuonea watu wa baridi ya Rangwi.

Sasa sikia. Yustina kaongea!

Tangu masika, udongo wa mlimani ulipoporomokea jiko naye yumo ndani, mkamfukua, mtoto hakutoa neno. Hata shikamoo ya bibi yake hakuitoa, na mama yako akasema ni kiburi, achapwe. Ndipo nikamleta huku. Nesi wa kliniki, yule anayewashauri waliopatwa na mshtuko, akaniambia: "Mama, hana kiburi huyu. Mwili wake bado unangoja udongo uanguke. Usimlazimishe kusema, wala usimguse kwa kumshtukiza. Akianza kutetemeka, mpe kitu cha kushika na kunusa, ajue yuko hapa, leo."

Kitu cha kunusa! Nesi hakujua anaongea na nani. Dada si anauza viungo sokoni? Basi kila mvua ikianza kupiga bati, namwekea Yustina iliki kiganjani, nakaa naye bega kwa bega, simuulizi kitu. Kuna siku alilia mpaka mvua ikakatika. Nami nimekaa tu. Mvumilivu kama mkeo hujamwona.

Alhamisi ikashuka mvua kubwa tukiwa sokoni, kwenye meza ya dada. Yustina kashika iliki yake, kimya. Akaja mama mmoja mwingi wa maneno, kauchukua mdalasini wetu, anaugeuzageuza: "Hii nayo bei? Si maganda ya mti tu haya!"

Nikasikia nyuma yangu: "Basi mama, nenda kachune mpera wenu."

Baba Yustina, soko lilinyamaza, halafu likacheka lote! Mteja mwenyewe alicheka mpaka akashika meza. "Huyu mtoto wa nani?" Nikasema, "Wangu!" Machozi yananitoka, nikampa mdalasini bure. Dada alininunia mpaka jioni.

Hajapona kabisa, nisikudanganye. Lori likimwaga kokoto bado anajificha nyuma yangu. Nesi anasema ndivyo kupona kulivyo, leo mbele, kesho nyuma kidogo. Lakini jana kaniambia kwa mdomo wake anataka kurudi nyumbani, kwa hiyo Krismasi tunapanda huko. Mweleze mama yako, wewe una maneno laini: asimdai shikamoo mlangoni. Amkaribishe tu, itakuja. Na jiko jipya usilianze. Yustina anasema mahali pa kulijenga atachagua yeye.

Mfikishie mama yako shikamoo yangu, uwabusu wadogo zake Yustina. Na kaka yako, aliyekuwa wa kwanza kushika jembe siku ile, mwambie: mtoto uliyemfukua sasa anawajibu watu.

Ni mimi mkeo, mama wa aliyelinyamazisha soko la Muheza.