Ndiyo ya Baba Mimi

Jumapili, 4 Juni 1950

Leo wanaume wa Cercle, chama cha Waafrika waliosoma, wamekula kiapo. Nyumbani kwangu, juu ya viti vyangu, na sukari yangu wameimaliza. Kuanzia kesho, Mzungu akimwambia mmoja wao "tu", ile wewe ya Kifaransa isiyo na heshima, hatajibiwa kitu. Kimya. Mpaka aseme "vous", wewe ya heshima.

Neno dogo, lakini dharau yote imelala humo. Mtoto anaambiwa tu. Mbwa anaambiwa tu. Mwanamume mwenye mke na tai shingoni — tu! Mume wangu, Baba Mimi kwa jina la mtoto wetu, ndiye katibu wao, ndiye aliyesema kwa niaba yao, na alisema vizuri mpaka sauti ikamtetemeka. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia. Nilijivuna. Nilijiambia, huyu ndiye aliyenioa.

Kisha akanigeukia. "Weye, ongeza mayi ya moto."

Nikaongeza. Hakuna hata mmoja aliyesikia kitu cha ajabu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu!

Jumatatu, 5 Juni

Wameanza. Paulin, mwenzao wa stesheni, mkubwa wake amemsimamisha mchana kutwa akitazama ukuta, kama mtoto wa shule. Hakujibu. Kule magazini, katika duka anakofanya ukarani, Bwana Vandekerk alimwita Baba Mimi: Toi! Toi, Symphorien! Ni "tu" ileile. Yeye akaendelea kuandika. Bwana akasema nyani amekuwa kiziwi, akachukua chupa ya wino, akammwagia kifuani. Shati lake jeupe la pekee.

Nimelisugua mpaka vidole vimechubuka. Wino hautoki. Yeye anacheka, macho yanang'aa. Leo nampenda. Acha niandike upesi kabla sijabadilika.

Jumanne, 6 Juni

Nami nimeanza!

Asubuhi: "Weye, biatu biko wapi?" Kimya. "Weye, Laurentine!" Kimya. Nakoroga uji wa Mimi. Mtoto alicheka mpaka uji ukamtoka puani. Baba yake akaenda kazini na viatu vyenye vumbi.

Jioni nikamweleza taratibu. Sisi tulikuwa na "mu" yetu ya heshima kabla Mzungu hajatuletea vous yake. Mulete mayi, mama. Haichubui mdomo. Anampa padri, anampa Paulin, mimi nangoja yangu. Mpaka siku hiyo, na mimi ni kiziwi.

Akasema kiapo cha Cercle ni jambo la watu wenye akili, si mchezo wa jikoni. Kisha akaongeza, bila hasira, kama anayesema nje kuna baridi: "Mulamba ukimufundisha kusoma, kesho anakufundisha weye."

Yeye ni wa Kongolo, watoto wa misheni na wa reli. Sisi Balamba, watu wa kwetu, tulikuwa hapa kabla shimo la kwanza la shaba halijachimbwa, kwa hiyo kwake sisi ni watu wa pori. Nimenyamaza. Kimya hiki hakikuwa cha kiapo. Kimeniuma.

Alhamisi, 8 Juni

Wamemkamata Donat.

Donat, kaka yangu, mkubwa wangu. Anabeba mizigo katika magazini ileile. Kazi hiyo ni mimi niliyemwombea kwa Baba Mimi. Mablanketi yamepotea, na kwa baridi hii kila mtu anayataka. Bwana anasema aliyachukua Donat Jumamosi, wakati wa kutoka. Lakini Jumamosi aliyesimama mlangoni na ufunguo ni Baba Mimi! Alimwona Donat akitoka mikono mitupu. Hata alimwomba kiberiti, na Donat akageuza mifuko nje kumwonyesha kwamba hana kitu. Walicheka. Nilisimuliwa siku ileile.

Leo Bwana alimfuata mezani pake. Toi, ulikuwa mlangoni, alitoka na nini?

Baba Mimi akanyamaza.

Bwana akarudia. Akanyamaza tena. Donat alikuwa amesimama palepale, anamtazama shemeji yake mdomoni. Bwana akasema, basi, asiyekataa amekubali. Polisi wakamchukua bila viatu.

Haya yote ameniambia mwenyewe, huku anakata tonge la bukari, ugali wetu. Sikujibu, alisema. Kama mtu anayeleta mshahara nyumbani! Nikauliza, na Donat? Akasema Donat ataelewa, kila vita ina watu wake wa kuumia.

Donat! Hajui Kifaransa hata cha kuombea chumvi. Hiyo vous ataijulia wapi?

Ijumaa, 9 Juni

Nimemwona Donat kule polisi. Hawezi kukaa. Fimbo zilimpokea mlangoni. Baba Mimi ana carte yake, kadi ya serikali ya waliostaarabika, na mwenye carte hapigwi fimbo. Donat hana carte. Amekula bukari yangu akiwa amepiga magoti.

"Shemeki aliniona," akasema. "Alisema nini?"

Nikasema bado hawajamwuliza vizuri. Ni kweli, kweli mbaya.

Nikatoka pale, nikaenda moja kwa moja kwa Bwana Vandekerk, mlango wa nyuma. Nilimwomba amwambie mume wangu vous. Mara moja tu, ili ajibu, ili Donat atoke.

Akamwita Madame. Akamwita na Mzungu wa kaunta. Nikarudia. Madame akasema hakusikia, nikarudia tena kwa Kifaransa changu cha masista. Walicheka mpaka Madame akakaa juu ya magunia na kufuta macho. Bwana akaniuliza kama na mimi nataka vous yangu. Nikasema hapana, Bwana. Nyumbani sijibu weye. Pale "tu" ya Bwana niliijibu, macho chini, na haraka.

"Kesho kwa komiseri wa polisi, bwana yako ntamupatia vous," akasema. "Ntamupatia mingi."

Nimetembea mpaka cité, mtaa wetu Waafrika, nikilia kama mtoto. Lakini nimepata nilichokwenda kutafuta.

Jumamosi, 10 Juni

Kwa komiseri waliniambia ningoje barazani. Dirisha lilikuwa wazi.

Bwana alivua kofia! Akainama. Asseyez-vous, Monsieur Symphorien. Mettez-vous à l'aise, Monsieur Symphorien: mukae, mustarehe. Komiseri alijiuma mdomo asicheke. Nikamwona mume wangu anakaa kwenye kiti cha Wazungu, mgongo umenyooka, uso umelainika kama wa mtoto aliyebebwa. Alisahau Donat yuko hapo nyuma yake, kati ya polisi wawili. Neno lile lilimpanda kichwani kama pombe.

Ndipo Bwana akauliza, polepole, kwa heshima zote: "Il n'avait rien dans les mains, monsieur?" Hakuwa na kitu mikononi?

"Oui, monsieur," akajibu mume wangu.

Kwetu jibu hilo ni zuri kabisa. Donat hakuwa na kitu? Ndiyo — ndiyo, hakuwa. Hivyo ndivyo tunavyojibu tangu tunajifunza kusema. Mzungu hajibu hivyo. Kwake ni non: non, hakuwa. Masista walitupiga viganja kwa kosa hilo mpaka tukalijua. Baba Mimi analijua kuliko mimi. Ni ile raha tu, ilimrudisha kwenye lugha ya mama yake.

Bwana akamgeukia komiseri. Amesema oui, alikuwa na kitu, andika! Komiseri akaandika.

Baba Mimi alijua. Akafungua mdomo. Akaufunga. Akatia sahihi yake ileile yenye mapambo.

Na Donat? Hilo neno moja la Kifaransa analijua, kwamba oui ni ndiyo. Swali hakulielewa, jibu alilielewa. Akanitafuta dirishani, akatabasamu. Kisha akamwambia mume wangu: "Aksanti, shemeki. Aksanti sana."

Jioni, siku hiyohiyo

Karatasi zinakwenda tribinali, mahakamani, Jumatatu. Mpaka hapo anaweza kurudi kwa komiseri na kusema, nilikosea. Neno moja! Nimevunja kiapo changu ili nimwambie hivyo.

"Niseme nini?" akaniuliza. "Katibu wa Cercle hajue oui na non? Weye unataka Basungu bote baseme hatujue hata kujibu?"

Nikamwambia wanacheka tayari. Niliwaona. Akasema ndiyo sababu asiwape kingine cha kuchekea. Akasema carte yake, Cercle, kiapo, vyote vitaanguka kwa neno hilo moja, na tunapigania watoto wote, hata watoto ambao Donat atazaa. Na anaamini! Hilo ndilo linalonitisha. Angekuwa mwongo ningejua la kufanya naye.

Ndipo wenziwe wakaingia na bia. Vous ya kwanza katika magazini yote! Paulin alimkumbatia, maskini, na miguu yake bado imevimba kwa kule kusimamishwa. Wamekunywa kwa ajili ya neno. Hakuna aliyeuliza swali lilikuwa nini. Naye hakuwaambia. Nimewamiminia, na nimewachukia mmoja mmoja, hata Paulin ambaye hajanikosea kitu.

Jumapili, 11 Juni

Misa. Watu wamemshika mkono mpaka nje ya kanisa.

Mama yetu, wangu na Donat, amekuja kwa miguu kutoka upande wa Ruashi na kikapu cha viazi vya mwanawe. Ameuliza mkwe wake amesema nini kwa komiseri. Nikamwambia amesema ndiyo. Akamshukuru Mungu. Sasa amelala na mjukuu wake, Mimi.

Nami nimejifungia chumbani. Baba Mimi anagonga kwa kidole kimoja.

"Mama Mimi, munifungulie."

Munifungulie! Tangu ndoa yetu sijaisikia. Nakiri ni tamu. Imenishuka mgongoni kama maji ya moto siku ya baridi. Sasa najua alisikia nini kwenye kiti kile.

"Munisikilize, mama," anasema kupitia mlangoni. "Kesho mapema muende kwa Donat. Mumuambie akubali tu. Akikubali, batamupunguzia fimbo. Hatanisikia mimi. Atasikia nyinyi."

Mu, mu, mu. Hajakosea hata moja.

Sijajibu. Amengoja. Ukuta ni mwembamba, mama anakohoa upande wa pili. Baba Mimi ameshusha sauti asimwamshe, ameuliza tena, kwa heshima zote:

"Hamutaenda, mama?"

"Oui," nimemjibu.

Namsikia anapumua nyuma ya mlango. Hajui kama ni oui ya kwetu au ni ya Wazungu.